Swichi ya kawaida, swichi erevu au swichi kamili: ipi itakusaidia siku mtandao ukikatika Bukavu

Wengi hapa Bukavu wakienda kununua swichi, kile kiboksi cha matundu (poti) kinachounganisha kompyuta na printa za ofisi kwa kebo, iwe kwenye maduka ya Avenue Lumumba au kule Nyawera, huuliza mambo mawili: ina poti ngapi, na ni bei gani. Muuzaji naye hujibu hayo mawili tu. Ningependa waongeze swali la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: siku mtandao ukikatika, swichi hii itaniambia nini? Maana utakatika. Umeme wa SNEL utaenda na kurudi, radi itapiga, mtu atang'oa kebo akipiga deki. Ofisi moja itapata kosa lake ndani ya dakika kumi, nyingine itakaa hadi mchana bila kujua pa kuanzia, na mara nyingi kinachozitofautisha ni kile kiboksi walichochagua dukani.

Swichi zilizopo sokoni tuziweke katika makundi matatu. Ya kwanza ni swichi ya kawaida: unachomeka umeme, unachomeka kebo, basi. Haina ukurasa wa mipangilio wala anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao. TL-SG108 ya TP-Link ni mfano wake. Ya pili naiita swichi erevu. Kwa nje huwezi kuitofautisha na ya kwanza, lakini hii unaifungua kwenye kivinjari na kuona hali ya kila poti. Mfano ni TL-SG108E. Ni herufi moja tu mwishoni inayozitenganisha, kwa hiyo soma boksi vizuri kabla ya kulipa. Ya tatu ni swichi kamili ya kusimamiwa, kama Catalyst 2960 ya Cisco, ambayo inapokea amri, inaandika kumbukumbu ya matukio na inazungumza na swichi wenzake.

Kabla ya kuilaumu swichi yoyote

Malalamiko mengi ya "mtandao hakuna" hayaihusu swichi hata kidogo, na hatua za kujua hilo ni zile zile kwa makundi yote matatu. Tazama taa ya poti: imewaka au haijawaka? Kisha fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika ipconfig, usome anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe baada ya kuomba kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, na kukosa jibu, kwa hiyo kosa liko kati yako na ruta, kile kifaa kinachowatoa kwenda intaneti. Anwani ikiwa ya kawaida, ipigie ruta pingi, yaani amri ya ping inayouliza kifaa kama kipo. Ruta ikijibu, piga pingi 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google kwenye intaneti. Ruta inajibu lakini 8.8.8.8 haijibu? Swichi yako ni nzima, mpigie simu anayekuuzia intaneti. Zote mbili zinajibu lakini kurasa hazifunguki? Hapo chunguza DNS, huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani.

Nimeyaweka haya mwanzoni kwa sababu nimeona ofisi zikibadilisha swichi nzima kwa tatizo lililokuwa nje ya jengo lao, na fedha ile ilihitajika kwingine.

Kitanzi

Kosa linaloonyesha tofauti ya swichi hizi kuliko jingine lolote ni kitanzi, yaani poti mbili za mtandao mmoja zinapounganishwa bila kukusudia. Linatokea kirahisi mno. Chini ya meza kuna kebo imelegea, upande mmoja tayari uko ukutani. Mtu anayesafisha chumba anaona ncha inaning'inia na pembeni kuna tundu tupu, anaichomeka kwa nia njema kabisa. Sasa ncha zote mbili ziko ukutani. Au simu ya mezani ya IP yenye matundu mawili nyuma, moja la ukuta na jingine la kompyuta, mtu anayachomeka yote ukutani.

Kinachofuata kinatokana na jinsi Ethernet, mfumo wa mtandao wa kebo, ilivyotengenezwa. Pakiti ya IP ina hesabu ndani yake inayopungua kila inapovuka ruta, na ikifika sifuri pakiti inatupwa. Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data ambacho swichi inakibeba, haina hesabu hiyo. Ujumbe unaotumwa kwa wote ukiingia kwenye swichi, swichi inautoa kwenye kila poti isipokuwa ule ulioingilia. Kama poti mbili zimeunganishwa, ujumbe unarudi ndani, unatolewa tena, unarudi tena, na hakuna kitu cha kuuua. Ndani ya sekunde chache swichi haibebi tena kazi ya mtu yeyote. Inabeba marudio ya ujumbe ule ule. Utaona taa zote zikipepesa kwa pamoja, haraka, bila kupumzika. Ruta haijibu pingi. Hata printa ambayo haihitaji intaneti haichapi, na hiyo ndiyo dalili ya kuishika: intaneti ikikatika peke yake, printa ya mtandao huendelea kufanya kazi.

Kwenye swichi ya kawaida una mikono yako tu. Chomoa nusu ya kebo, subiri sekunde chache, tazama taa. Zikitulia, kitanzi kiko kwenye nusu uliyochomoa. Rudisha kebo moja moja mpaka vurugu ianze tena. Kwa swichi moja ya poti 8 ni kazi ya dakika chache. Lakini ofisi ya ghorofa mbili yenye swichi za kawaida nne zilizounganishwa moja kwa nyingine, moja juu ya dari, nyingine nyuma ya kabati la faili, hiyo ni asubuhi nzima ya kupanda na kushuka. Na kama kebo hazina majina, jioni itakukuta.

Swichi erevu nyingi zina kipengele cha kuzuia vitanzi. Hakikisha kimewashwa siku ya kwanza, usisubiri siku ya shida. Kikifanya kazi, poti yenye kitanzi inafungwa na wengine wote wanaendelea na kazi bila hata kujua kwamba kuna kilichotokea. Unafungua ukurasa wa swichi, unaona poti namba fulani imezuiwa, unaifuata kebo yake.

Swichi kamili inakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo bei yake inapoanza kuwa na maana. Inatumia itifaki iitwayo STP, iliyobuniwa na Radia Perlman mwaka 1985 alipokuwa kampuni ya Digital Equipment Corporation. Swichi zinatumiana ujumbe mdogo kila sekunde 2, zinachagua moja kuwa mzizi, na njia yoyote ya ziada inafungwa hadi itakapohitajika. Zaidi ya hapo inaandika kumbukumbu. Ukiisoma utakuta, kwa mfano, kwamba anwani ile ile ya MAC, namba ya kiwandani ya kifaa, imeonekana poti ya 3, mara poti ya 17, mara imerudi poti ya 3. Kompyuta haihami chumba mara mia kwa sekunde. Sasa una poti mbili za kwenda kuzitazama badala ya jengo zima.

Kebo mbovu

Hapa mjini tunauziwa kebo nyingi ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu, siyo shaba tupu. Ni nyepesi, ni ya bei rahisi, na ukiikuna kwa kisu rangi nyeupe inatokea. Inakatika kirahisi ikikunjwa na inapoteza nguvu zaidi kwa umbali. Kipimo cha mita 100 unachokisikia kwa kebo ya Ethernet kinahusu kebo ya shaba iliyotengenezwa kwa viwango. Usikitarajie kutoka kwa hii.

Dalili ya kebo inayoanza kufa ni kasi kushuka. Ethernet ya megabiti 100 inatumia jozi mbili za nyuzi, pini 1, 2, 3 na 6. Ile ya gigabiti inataka jozi zote nne. Uzi mmoja wa pini ya 4, 5, 7 au 8 ukikatika, muunganiko mara nyingi hushuka hadi 100, au unakuwa unaingia na kutoka. Mtumiaji anasema "mtandao ni mzito leo". Swichi za kawaida nyingi zinaonyesha hilo kwa rangi ya taa, kijani kwa gigabiti na rangi ya machungwa kwa 100, ukijua kusoma. Tatizo ni kwamba lazima uwe umesimama mbele yake. Swichi erevu inakuandikia kasi ya kila poti na idadi ya fremu zilizoharibika. Poti ambayo hesabu yake ya makosa inapanda kila ukiburudisha ukurasa, kebo yake au konekta yake ina shida. Huhitaji kubahatisha.

Halafu kuna kipimo cha kebo kilichomo ndani ya swichi erevu nyingi na swichi kamili nyingi. Swichi inatuma mpigo kwenye kila jozi na kusikiliza mwangwi wake unaporudi. Kutokana na muda huo inakadiria umbali wa mahali palipokatika. Ikikuambia jozi moja iko wazi kwenye mita 1 au 2, ni konekta iliyo karibu nawe. Ikikuambia ni mita 22, panda darini. Ni makadirio, wala usiyatumie kukata kebo kwa sentimita, lakini yanakuonyesha upande wa kwenda.

Anayechagua swichi ya kawaida anaweza kuziba sehemu ya pengo hili kwa testa ndogo ya taa nane, ile yenye vipande viwili, kimoja kila ncha. Nunua hata kama una swichi kamili. Itakuonyesha uzi uliokatika au uliopishana, lakini haitakuambia umekatikia wapi. Na kuna kosa moja ambalo testa hailioni kabisa: fundi akipanga nyuzi kwa mpangilio wake mwenyewe, sawasawa ncha zote mbili, lakini bila kuheshimu jozi zilizosokotwa pamoja. Taa zote nane zinawaka kwa zamu yake, testa inasema safi, na bado data inaharibika njiani. Fuata mpangilio wa kawaida wa rangi za nyuzi uitwao T568B, au T568A, mmoja tu kwa jengo lote.

Umeme: hapa swichi ya kawaida inashinda

Kwa delestaji tuliyoizoea, yaani umeme kukatwa kwa zamu, swichi ndogo ya kawaida ina sifa ambazo wauzaji wa swichi kubwa hawazisemi. Inatumia umeme chini ya wati 10, kwa hiyo betri ndogo inaibeba muda mrefu. Umeme ukirudi, iko tayari ndani ya sekunde mbili tatu. Swichi kamili ya poti 24 inakula wati 20 au 30 hata bila kulisha kamera na simu, na inachukua dakika kadhaa kuamka. Ikishaamka, STP ya zamani inaiacha kila poti ikisubiri sekunde 30 kabla ya kupitisha data: 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Kompyuta yenye diski ya SSD imeshawaka, imeomba anwani, haikujibiwa, na imejipa ile ya 169.254. Wafanyakazi wanasema swichi mpya ni mbovu. Siyo mbovu. Poti zinazokwenda kwa kompyuta zitangazwe kuwa za ukingoni, ambako hakutegemewi swichi nyingine, zipitishe data mara moja; na itumike RSTP, toleo la haraka lililotoka 2001. Na swichi yenyewe iwekwe kwenye UPS, betri inayoshika mara umeme ukikatika, pamoja na ruta. Ukinunua swichi kamili bila UPS hapa Bukavu umenunua nusu.

Udhaifu wa swichi ya kawaida kwa upande wa umeme ni adapta yake. Umeme ukirudi kwa kishindo mara nyingi, adapta inachoka: taa bado zinawaka lakini poti zinakatika na kurudi, hasa kompyuta zikiwa nyingi. Kabla ya kuitupa swichi, jaribu adapta nyingine yenye volti zile zile, ampea zisizopungua, na pini yenye chanya upande ule ule.

Radi

Mkoa wetu uko kwenye orodha ambayo hakuna anayeifurahia. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia picha za satelaiti uliiweka Kabare, hapa jirani kabisa, kuwa ya pili duniani kwa wingi wa radi, zaidi ya miali 200 kwa kilomita moja ya mraba kwa mwaka, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Kebo ya shaba iliyotandikwa nje kati ya majengo mawili inaokota nguvu ya radi hata bila kupigwa yenyewe, na kuipeleka moja kwa moja kwenye poti. Ndiyo maana baada ya mvua kubwa unakuta poti moja au mbili zimekufa na nyingine ziko hai.

Kwenye swichi ya kawaida, poti iliyokufa unaitambua kwa kuhamisha kebo kwenda poti jirani. Kwenye swichi kamili unaiona kwenye kumbukumbu, pamoja na saa iliyoanguka, na saa hiyo ukiilinganisha na saa ya mvua hutabaki na swali. Lakini tofauti yenye uzito zaidi ni ya kinga. Swichi kamili nyingi, na baadhi ya swichi erevu, zina tundu la SFP la kuingizia faiba. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Swichi ya kawaida kwa kawaida haina tundu hilo. Itabidi ununue vigeuzi viwili vya faiba, kimoja kila upande, kila kimoja na adapta yake ya kuharibika. Kwa shule au kituo cha afya chenye majengo matatu, kwa mfano pale Bagira au Kadutu, hoja hii peke yake inatosha kuamua.

Makosa ambayo swichi kamili inayaleta yenyewe

Sifa za swichi kamili zina gharama yake. Swichi ya kawaida haiwezi kuwekwa vibaya, hii inaweza. Poti ikiwekwa kwenye VLAN (mtandao mdogo uliotengwa ndani ya swichi) isiyo yake, kompyuta itawaka taa nzuri kabisa na haitamwona mtu. Swichi mbili zikitofautiana kuhusu VLAN zinazopita kwenye kebo inayoziunganisha, idara moja itafanya kazi na nyingine itakatika, na testa ya kebo itasema kila kitu ni safi.

Kosa ambalo delestaji inalifichua kila mara ni la mipangilio isiyohifadhiwa. Kwenye swichi za Cisco na nyingine nyingi, unachobadilisha kinafanya kazi papo hapo lakini kinakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Usipotoa amri ya kuhifadhi, umeme ukikatika kinafutika. Ofisi inafanya kazi vizuri miezi miwili, usiku mmoja umeme unakwenda, asubuhi VLAN za fundi hazipo. Ukiona mtandao umeharibika mara tu baada ya umeme kurudi, na kebo hazijaguswa, anza hapo.

Halafu nenosiri. Kwenye mashirika yetu mikataba ni mifupi, fundi anamaliza mradi anaondoka na nenosiri kichwani. Swichi kamili isiyo na mtu wa kuifungua inakuwa swichi ya kawaida ghali inayokula umeme mwingi.

Kuna makosa mawili ambayo nitayapitia haraka. Mtu akileta ruta yake ya nyumbani na kuichomeka kwenye mtandao wa ofisi, inaanza kugawa anwani zake; utaijua kwa sababu lango (Default Gateway) linaloonyeshwa na ipconfig siyo la ruta yenu. Swichi kamili inaweza kuikataza isigawe anwani, na jedwali lake la MAC linakuonyesha iko poti gani. Kwa swichi za kawaida, itafute kwa miguu. Na kifaa cha zamani kilichowekwa kasi ya lazima upande mmoja, huku upande wa pili unajipangia wenyewe, hupitisha pingi vizuri lakini kunakili faili kunatambaa. Hesabu za makosa kwenye swichi kamili zinaonyesha hilo, swichi ya kawaida haina la kusema.

Basi, uchague nini

Sekretaria ya kuchapa na kutoa fotokopi, duka la dawa, ofisi ya chumba kimoja yenye kompyuta tano na printa: chukua swichi ya kawaida, ya gigabiti, yenye ganda la chuma, na fedha inayobaki nunua testa na betri ndogo ya kuibeba pamoja na ruta. Ukiwa unaona kebo zote kwa macho, hakuna ukurasa utakaokuambia zaidi.

Ofisi ya vyumba vingi au ghorofa mbili, watu kumi hadi thelathini, na fundi anayekuja akiitwa: swichi erevu. Hili ndilo kundi kubwa zaidi la ofisi ninazozifahamu Ibanda, na ndilo linaloteseka zaidi kwa sababu limenunua za kawaida na kuzipanga mnyororo. Anza kwa kubadilisha ile ya katikati, inayobeba nyingine zote, halafu waachie za kawaida vyumbani. Kitanzi kikitokea chumba fulani, ile ya katikati mara nyingi itaukata mkono huo na kuuacha mwili mzima. Badilisha nenosiri la kiwandani, na uipe anwani isiyogongana na ya ruta: TL-SG108E, kwa mfano, anwani yake ya kiwandani ni 192.168.0.1, ambayo ni anwani ya ruta nyingi pia.

Majengo kadhaa, kamera, simu za IP, au mtandao wa wageni unaopaswa kutengwa na wa hesabu: swichi kamili, pamoja na UPS, faiba kati ya majengo, na mtu anayejulikana kwa jina kuwa ndiye anayeisimamia. Nenosiri na nakala ya mipangilio viwekwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya ofisi. Kama mtu huyo hayupo na hatapatikana, rudi kwenye swichi erevu bila aibu.

Ukielekea kwenye Catalyst iliyotumika, ambazo huja kutoka nje kwa bei nafuu, iwashe mbele ya muuzaji na uiache iwake hadi mwisho. Sikiliza feni. Jaribu kila poti kwa kompyuta yako, siyo mbili tatu. Uliza kama ni modeli ya gigabiti, kwa sababu 2960 za zamani nyingi zina megabiti 100 kwenye poti za kawaida na gigabiti kwenye zile mbili za pembeni tu. Hakikisha ipo kebo ya konsoli, ile inayounganisha kompyuta na tundu la usimamizi la swichi, maana bila hiyo kufuta nenosiri la mwenye nayo wa kwanza kunaweza kukushinda.